Gesi Kali, Matundu Mapana

Kisimani, Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kaka,

Umewaka! Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na Mama asinune. Salamu ziko nyuma, zinakuja.

Jana asubuhi tulishusha kiwashio ndani ya kisima cha kwanza, tukapuliza hewa, tukajibana kwenye kontena letu la mitambo tukitazama sindano ya joto kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Sindano ikalala. Ikaendelea kulala. Mkuu wa Kisima akaanza kutafuna kalamu yake. Halafu ikaruka, nami nikaruka nayo, nikamwaga chai yote kwenye viatu vya Mkuu. Hakugomba, alikuwa anacheka. Makaa ya mawe yanawaka huko chini ya mlima, Kaka, na hakuna mtu aliyechimba hata kipande! Tunapuliza pumzi kwa kisima kimoja, moto unakula makaa hukohuko yaliko, gesi inapanda kwa kisima cha pili. Tunaisafisha, tunaitia kwenye bomba, na bomba linauzunguka mlima mpaka kwenye tanuri lako la vigae.

Masharti unayajua, lakini wasomee mafundi wako wayasikie kwa maneno yangu. Siku ya jaribio, gesi yetu peke yake ichome tanuri zima tangu likiwa baridi mpaka vigae viive. Ikiweza, wakubwa wa kampuni wataacha kisima kiendelee. Ikishindwa, tutajaza maji huko chini, moto utazimwa, na mimi nitarudi nyumbani na mabegi yangu.

Gesi ya kwanza itakufikia kesho. Mtambo wa kupima una maneno yake, lakini bado ni mapema, usijali. Simu za mkononi ni marufuku karibu na visima, na ile ya waya ni ya dharura tu, kwa hiyo tutaandikiana kama wachumba wa zamani. Dereva wa lori, huyu tunayemwita Pole Pole, atabeba barua kila Jumatatu na Alhamisi.

Mimi mzima kabisa. Mwambie Mama nakula.

Mdogo wako,
Kiberiti


Kiwandani, Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mdogo wangu Kiberiti,

Huku hatujambo sote, kuanzia Mama mpaka paka wa ghalani. Barua yako nimemsomea Mama, akasema nirudie. Nikarudia. Eti anapenda ninavyosoma, na miwani yake hajui ameiweka wapi. Nilipofika pale pa chai na viatu vya Mkuu alicheka mpaka akashika ubavu, akasema ndiyo maana tulikupa jina hilo, tangu ulipochoma pazia la jikoni ukidai unalipima.

Gesi imefika! Tulifungua kichomeo kimoja kwa majaribio, na moto ukashika. Ni wa bluu, mtulivu sana. Mafundi walipiga makofi, na yule fundi wetu wa udongo ambaye hajawahi kusifu kitu akasema, "Si mbaya." Kwake hiyo ni hotuba.

Unakumbuka kanuni ya Mama, tangu Baba alipokuwa akifanya kazi mbali: barua inapeleka heri, shari ingoje mtu arudi nyumbani. Basi leo kanuni hiyo hainipi tabu, kwa sababu sina shari ya kuficha. Nina kazi ndogondogo za karakana, si za kukusumbua.

Vichomeo vya mafuta nimeving'oa vyote, vimekwenda chuma chakavu. Usinigombeze. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Tanuri hili Baba alilijenga kwa mikono yake, na mimi sikubali life kwa uzee wakati gesi ya dada yangu iko mlangoni. Gesi ikigoma, nalifunga na kuwaaga mafundi. Lakini haitagoma.

Kaka yako


Kisimani, Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kaka,

Kuna jambo zuri na sikwambii. Usimhoji Pole Pole, nimemlisha kiapo.

Nakuachia harufu yake tu. Moto ni kama mtu, unafanya kazi kwa jinsi unavyopumua. Sisi tumekuwa tukiupa pumzi moja tangu mwanzo, na wiki hii nimegombana na Mkuu mpaka akakubali kujaribu nyingine. Juzi alinifukuza kontenani. Jana aliniita mwenyewe. Leo tumekaa wawili mbele ya mtambo wa kupima tukishangaa, na yeye, mtu wa miaka yote hiyo kazini, akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. Namba ikawa ileile. Silali kwa furaha, na nikilala naota vali.

Jaribio limepangwa Jumatano tarehe 20. Wakubwa watakuja kukaa kwako, si kwangu, kwa hiyo fagia. Pakia tanuri lote, usibakize nafasi. Wewe niamini tu, fungua gesi, ukunje mikono.

Nimefurahi sana kwamba moto wako ni mzuri. Nilikuwa na wasiwasi mdogo, sasa umekwisha. Mwambie Mama miwani aitafute chini ya mto.

Mdogo wako,
Kiberiti


Kiwandani, Alhamisi, tarehe 14 Machi

Kiberiti,

Chini ya mto haipo. Mama anasema isitafutwe tena, inatosha.

Pole Pole kweli umemlisha kiapo. Nilimuuliza anabeba nini kwenye lile tangi lake jeupe linalotoa ukungu, akaniambia, "Nabeba hewa, bosi." Nikamwambia hewa ipo hata huku, bure. Akajibu, "Hii imechujwa," akaondoka na mwendo wake ule wa kobe anayewahi ibada. Nimecheka siku nzima.

Sisi tuko tayari kupita kiasi. Tanuri limejaa vigae vya paa la shule mpya, vyekundu, na mwalimu mkuu amekuja kuvitazama kama baba anayetazama mtoto hospitalini. Vichomeo vyote sasa vinawaka safi, nimevijaribu kimoja kimoja. Sikufichi, mwanzo kulikuwa na ubishi kidogo, lakini nimeumaliza kwa njia zangu. Jumatano wewe lete gesi hiyohiyo, usibadilishe kitu, na tutawafunga wakubwa midomo.

Kaka yako


Kisimani, Alhamisi, tarehe 21 Machi

Kaka,

Umeifanya nini gesi yangu?

Barua yako ya tarehe 14 nimeipata leo, ilikaa kwenye lori. "Usibadilishe kitu." Ungeiandika mapema! Simu ya dharura imelia mara moja tu tangu tuje hapa, na aliyepiga ni wewe: "Funga! Funga!" Ukakata. Nikafunga bila kujua nani yuko hai. Baadaye Mkuu akapata habari kwamba nyote wazima, ila jaribio limekwisha kwa moshi, na wakubwa wanaulizana kama gesi yetu inafaa kukaa karibu na watu.

Sasa acha niseme nilichokuficha, maana kanuni ya Mama nimeizika jana. Gesi yetu ya mwanzo ilikuwa hovyo! Tulikuwa tunaupulizia moto hewa ya kawaida, na hewa sehemu nne katika tano ni naitrojeni, isiyowaka wala kuwasha. Inaingia kisimani, inaota moto bure, inatoka pamoja na gesi yetu na kuizimua kama maji kwenye maziwa. Mwenge wetu wa juu ya bomba ulikuwa unazimika upepo ukipita tu. Sikukwambia. Ningekwambiaje, na vichomeo vya mafuta umeshaving'oa?

Ndipo nikambembeleza Mkuu tupulize oksijeni badala ya hewa. Hiyo ndiyo mizigo ya Pole Pole. Oksijeni peke yake ikaleta ujeuri: joto la chini likapita kiasi, moto ukaanza kula gesi yake wenyewe, kaboni dioksidi ikapanda, nayo haiwaki. Tukaongeza mvuke. Mvuke ukikutana na makaa yaliyoiva kwa moto unatoa haidrojeni, Kaka! Tukazidisha, makaa yakapoa, gesi ikashuka tena. Tukapunguza kidogo kidogo, na tulipopata kipimo, gesi ilikuwa na nguvu maradufu. Mwenge ukasimama wima. Mkuu akanikumbatia, na Mkuu hakumbatii mtu.

Vichomeo vyako vipya tangu mwanzo vilitengenezwa kwa ajili ya gesi kali namna hiyo. Kwa hiyo nikanyamaza, nikitaka Jumatano ushtuke kwa furaha. Nilikuletea kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, nawe umekigeuza moshi. Niambie ulichokifanya.

Kiberiti


Kiwandani, Alhamisi, tarehe 21 Machi

Kiberiti,

Pole Pole bado hajafika, lakini siwezi kungoja barua yako ndipo nikasirike.

Masharubu yangu yameungua upande mmoja. Mama amepapasa uso wangu akasema ninyoe na upande wa pili, nimekataa, nataka uyaone hivihivi. Umeniletea nini jana? Tulifungua gesi mbele ya wakubwa waliovaa kofia mpya. Badala ya moto wa bluu ukaja wa manjano, mrefu, mnene, ukajaza tanuri lote, ukatoka mlangoni kuja kunilamba. Moshi ukafuata. Nilikumbuka ulivyotuonya kwamba gesi isiyokwisha kuungua inaua kimya kimya, nikawatoa watu wote nje, wakubwa na kofia zao, tukasukuma kila mlango. Hakuna aliyeumia. Vigae vyote vimefukizwa na moshi, vimetoka vyeusi kama chini ya sufuria. Mwalimu mkuu alitazama, akasema polepole, "Tuliagiza vyekundu."

Na mimi nina langu. Gesi yako ya kwanza haikuwa inashika! Ule moto "mtulivu sana" ulikuwa fundi wa udongo ameshikilia kijinga cha moto pembeni, akikiondoa tu, unakufa. Ningekuandikiaje hayo, wakati umetoka kumwaga chai kwa furaha? Nikachukua keekee, nikapanua matundu ya vichomeo vyote ipite gesi nyingi zaidi, nikabana na milango ya hewa, mpaka ule moto wako mvivu ukakaa. Kazi ya wiki nzima, mikono imejaa malengelenge. Niliifanya ili usijue kamwe kwamba gesi yako ilikuwa dhaifu.

Halafu siku yenyewe unaniletea shetani mwingine kabisa. Kwa nini?

Kaka


Kisimani, Jumatatu, tarehe 25 Machi

Kaka,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikacheka mpaka Mkuu akadhani ni ule mvuke umenipanda kichwani. Kisha nikalia. Kisha nikacheka tena, kwa sababu ya masharubu.

Umeona tulichofanya? Gesi ilikuwa dhaifu, nawe ukapanua matundu ili unifichie aibu. Mimi nikaikoleza ili nikufichie wasiwasi. Gesi kali ikakuta matundu mapana na hewa imebanwa. Hata jiko la nyumbani lingetoa moshi! Maadui wawili wasingeweza kuharibu hivyo, ilibidi tupendane.

Barua zako mbili za mwisho nilimpa Mkuu. Alizisoma kwa zamu, akavua miwani, akasema, "Familia yenu mna ugonjwa." Halafu akachukua gari akawafuata wakubwa na karatasi ya mtambo wa kupima. Amewaonyesha kwamba gesi haikuwa na kasoro na kichomeo hakikuwa na kasoro, ila vilikutanishwa bila kujuana. Tumepewa siku moja zaidi, Jumatano tarehe 3 Aprili. Baada ya hiyo, maji kisimani.

Sasa nisikilize. Pumzi ya moto wangu naweza kuigeuza nitakavyo: hewa tupu, hewa iliyoongezwa oksijeni, oksijeni tupu, mvuke zaidi, mvuke kidogo. Kila pumzi ina gesi yake. Kwa hiyo usijitahidi kunifurahisha. Niambie vichomeo vilivyo, kwa ubaya wao wote, nami nitatengeneza gesi ya kuvifaa. Andika shari tupu. Ukiniandikia heri hata moja nitairudisha.

Kiberiti


Kiwandani, Alhamisi, tarehe 28 Machi

Kiberiti,

Shari tupu, kama ulivyoagiza.

Matundu nimeyatia bushi, yaani pete za chuma, kuyarudisha, lakini hayakurudi yote. Vichomeo vya ukutani vimekubali. Vile vya mlangoni vimepasuka nilipovitoboa, bushi hazikai, vimebaki vipana. Kwa hiyo gesi yako ile kali kabisa itanitolea moshi tena upande wa mlango, na ile ya kwanza itanifia upande wa ukuta. Milango ya hewa inafunguka mpaka katikati tu, nilikuwa nimeipiga nyundo. Vipimo vya kila tundu viko karatasi ya nyuma, na kimoja nimekipimia kwa macho kwa sababu niliona aibu kukirudia. Nimekirudia sasa hivi. Kilikuwa uongo.

Fundi wa udongo anasema kigugumizi chake cha miguu kimerudi tangu siku ya moshi, maana yake anaogopa. Na mimi naogopa. Nikifunga tanuri hili sijui kazi nyingine. Kuna asubuhi nalipapasa ukuta kwa nje kama ng'ombe mgonjwa.

Ajabu ni kwamba nimeandika haya yote na kifua kimekuwa chepesi.

Mama naye amebadilika. Nilipomsomea barua zetu za ugomvi hakusema nirudie. Aliuliza, "Yote haya kwa ajili ya kanuni yangu?" Nikamwambia hapana. Hiyo nayo ni heri ya uongo, nakuletea kama ilivyo.

Kaka


Kisimani, Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Kaka,

Hii ndiyo barua nzuri kuliko zote ulizowahi kuniandikia!

Tumekaa na vipimo vyako siku tatu. Nimeiacha oksijeni tupu, na imeniuma, sikufichi, ilikuwa fahari yangu. Tutapuliza hewa iliyoongezwa oksijeni, na mvuke wa kadiri. Gesi itakuwa ya katikati, chini ya ile niliyojivunia, juu ya ile niliyoificha. Mkuu anasema kwa vichomeo vyako viwete hiyo ndiyo gesi bora duniani.

Shari zangu: pampu ya mvuke inakohoa. Moto huko chini unahama kadiri unavyokula makaa, kwa hiyo gesi inaweza kugeuka katikati ya kazi bila kuniaga. Na sijawahi kushikilia kipimo hiki kwa siku nzima. Ndiyo maana Mkuu ameruhusu simu ya waya iwe wazi Jumatano yote. Wewe tazama moto, niambie unachokiona kama kilivyo. Mimi nitashika vali.

Naogopa na nina furaha, zote kwa pamoja, na chai sishiki.

Kiberiti


Kiwandani, Alhamisi, tarehe 4 Aprili

Mwanangu Kiberiti,

Anayeandika ni kaka yako, anayesema ni Mama. Nimemkataza kupunguza neno.

Jana waliniwekea kiti karibu na tanuri. Kaka yako alibana simu shingoni, akawa anapiga kelele, "Inalegea! Oksijeni kidogo! Hapo! Sasa manjano mlangoni, punguza! Hapo hapo, usiguse!" kama mtu anayemwelekeza Pole Pole kurudi nyuma. Mara ya kwanza moto ulikohoa, fundi wa udongo akashika bega langu nadhani kwa kukosa la kushika. Halafu nikasikia tanuri linanguruma. Mngurumo mmoja, mwanangu, hausitisiti, kama Baba yenu alivyokuwa analiwasha. Joto likaja usoni mwangu likakaa. Mkubwa mmoja akauliza moshi uko wapi leo, kaka yako akamwambia, "Uliishia kwenye masharubu." (Ni kweli nilisema hivyo. Kaka.)

Leo wamefungua. Wanasema ni vyekundu vyote, na mwalimu mkuu amecheza mbele ya watu. Mimi nilivigonga kimoja kimoja kwa kidole, vinalia vizuri, kigae kilichoiva hakidanganyi. Wakubwa wamepeana mikono na kila mtu. Kisima chako kinaendelea. Tanuri la Baba linaendelea. Nimefurahi mpaka miguu imeniuma.

Sasa mmeambiana shari zenu, nanyi mko hai. Zamu yangu. Huo moto wenu wa bluu sikuuona.

(Nimemuuliza Mama amesema nini. Amesema niandike, nisimtazame.)

Macho yamekuwa yakienda tangu mwaka jana. Miwani haikupotea, iko kabatini, haina kazi tena. Nilikuwa namrudisha kaka yako kusoma mara mbili ili nizishike barua zako kichwani, niwe nazisoma peke yangu akienda kazini. Sikusema, kwa sababu wewe uko mbali na yeye ana tanuri, na kanuni niliitunga mimi mwenyewe. Nilimwandikia Baba yenu heri tupu miaka yote ile, naye akanijibu heri tupu, na alipokufa nikagundua sikuwahi kujua kilichokuwa kinamuuma.

Kaka yako ameacha kuandika. Tumesubiri kidogo. Haya, ameendelea.

Kigae kimoja cheusi cha siku ya moshi nimeomba kiwekwe mlangoni pangu. Nakijua kwa mkono, kinaacha masizi kidoleni. Wewe mwombe Mkuu ruhusa, panda lori la Pole Pole, ukifika Jumatatu tutashukuru. Wewe na kaka yako mnipeleke kwa daktari wa macho, mnishike mikono, kila mmoja upande wake. Akisema linalotibika, mtashangilia. Akisema vingine, nisomeeni kama yalivyo, mara moja tu.

Mama yenu,
ambaye leo si mzima sana, na ana furaha kuliko siku zote alizowaambia kwamba ni mzima